Gari ya zamani imekaa chini: maswali yenu kuhusu kupandisha na kushusha

Karibuni tena kwenye kona ya maswali. Safari hii zimejaa gari za zamani tupu, Beetle, Peugeot, Land Rover, mpaka Citroën moja iko Ubelgiji, na karibu wote mnauliza kitu kilekile, gari imekaa chini au imelala upande, naipandishaje, au iko juu sana nataka ishuke. Nimechukua maswali matano.

Ila kabla hujashika spana naomba pima kwanza, na upime vizuri maana nusu ya gari zinazoletwa gereji eti springi zimechoka unakuta shida ni tairi. Weka gari kwenye sakafu ya simenti iliyo sawa, toa mizigo yote kwenye buti, jaza upepo sawa kwa sawa, hakikisha tairi zote nne ni saizi moja, halafu inesenese kila kona kwa mikono na uisukume mbele na nyuma mita chache bila kukanyaga breki ili springi zikae zinapotaka kukaa zenyewe. Hapo ndo unachukua futi kamba, unapima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, unaandika. Usianzie chini kwenye sakafu, ukianzia chini unapima na tairi humohumo. Na kama gari ilishawahi kupigwa pasi na kunyooshwa madigadi basi usiiamini sana bodi, pima pia kutoka kwenye chesisi, kulia na kushoto, sehemu mbili zinazofanana.

Haya, twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo ameniachia Beetle 1300 ya mwaka 1967, iko hapa Moshi, inatembea vizuri ila nyuma imekaa chini, zaidi upande wa dereva, na nikipita kwenye matuta bomba za moshi zinakwaruza. Fundi wa kwanza kasema humo ndani hamna springi kabisa kwa hiyo niweke shokapu za kupandishia. Wa pili kasema kuna chuma kinazungushwa jino moja tu inapanda. Nimfuate nani? Mimi nataka ipande kama sentimita mbili, si zaidi.

JIBU: Marahaba, na hongera kwa hiyo gari, itunze. Fundi wa pili yuko karibu na ukweli ila hilo "jino moja tu" lake lingekuletea balaa, ntakueleza kwanini.

Springi zipo, ila si za kujizungusha kama ulizozoea. Nyuma ya kiti cha nyuma, kwa chini, kuna bomba nene limekatiza gari kutoka kushoto kwenda kulia. Ndani ya hilo bomba kuna fimbo mbili za chuma, moja kila upande, zinaitwa torsheni ba. Kila fimbo imebanwa katikati ya bomba isizunguke, na upande wa nje imeingia kwenye bamba la chuma linaloelekea nyuma mpaka kwenye ekseli. Tairi ikipanda, bamba linapanda na fimbo inajipinda, ikijinyoosha inarudisha tairi chini. Basi, hiyo ndo springi yako. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 ikiwa na mfumo huuhuu wa fimbo, kwa hiyo mtu asikwambie ni kitu dhaifu.

Sasa uzuri wake uko kwenye meno. Fimbo upande wa ndani ina meno 40, upande wa nje ina meno 44. Gawanya digrii 360 kwa 40 unapata 9, gawanya kwa 44 unapata 8 na dakika kama 10 (digrii moja ina dakika 60). Kwa hiyo ukizungusha bamba peke yake jino moja upande wa nje, lile bamba lina urefu wa kama sentimita 40, gari inapanda kama sentimita 5 na ushee. Hiyo ndo "jino moja tu" ya fundi wako, ungepata Beetle imebinuka kama inataka kuchota maji. Lakini ukizungusha fimbo jino moja ndani kwa upande unaoshusha mkia wa bamba, halafu ukarudisha bamba jino moja juu upande wa nje, inayobaki ni tofauti ya 9 na 8 na dakika 10, yaani dakika 50, hata digrii moja haifiki. Kwenye tairi hiyo ni kama milimita 6. We unataka sentimita mbili, kwa hiyo ni hatua tatu za namna hiyo, meno matatu kule na matatu huku, utapata kama milimita 18 na utaridhika.

Kwenye kazi yenyewe sikiliza vizuri, na kama fundi wako hajawahi kuifanya msome wote wawili.

Weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, inua nyuma, weka stendi za chuma kwenye chesisi, si chini ya ekseli maana ekseli inatakiwa ining'inie. Toa tairi, legeza waya wa handibreki, toa bolti ya chini ya shokapu. Kama yako ina ule ufito wa ziada unaounganisha ekseli ya kushoto na ya kulia, zilianza kuja nao mwaka huohuo wa 1967, ufungue nao. Halafu kabla hujafungua bolti zinazoshika ekseli kwenye bamba, chukua patasi piga alama inayopita kwenye bamba na kwenye nyumba ya ekseli kwa pamoja, mstari mmoja. Yale matundu ni marefu si ya duara, ekseli inaweza kusogea mbele au nyuma, ukifunga kwa kukadiria tairi za nyuma zitakuwa zinaangalia njia mbili tofauti na utakula tairi mwezi mmoja.

Ukishaitoa ekseli utabaki na bamba limekaa juu ya kidole cha chuma kilichotokeza kwenye bomba. Linaonekana limetulia. Halijatulia, limebeba nguvu ya gari nzima na likichomoka kwenye kile kidole linaruka chini kwa nguvu za kuvunja mguu wa mtu. Kwa hiyo ndugu yangu hapa hamna kubanjua na nondo ukiwa umechuchumaa mbele yake. Weka jeki chini ya mwisho wa bamba, funga mnyororo kuzunguka bamba na jeki na sehemu ngumu ya gari kwa juu ili jeki ikipanda isiinue gari ikaiondoa kwenye stendi, inua kidogo kidogo mpaka bamba liachane na kidole, livute nje kidogo kwa bapa la chuma, halafu shusha jeki taratibu mpaka liwe halina mzigo kabisa. Mtu yeyote asikae usawa wa lile bamba, watoto watoke gereji.

Likishalegea ndo unapima pembe. Siku hizi simu yako ina programu ya kupima pembe, inatosha kabisa. Weka simu kwenye kizingiti cha mlango usome, weka juu ya bamba usome, tofauti ya namba mbili ndo pembe ya bamba. Pima na upande wa pili vilevile. Na hapa ndo utajua kwanini upande wa dereva umelala, mara nyingi sana kwenye gari zilizopita mikono mingi unakuta pembe za kushoto na kulia hazilingani kwa sababu kuna mtu alishawahi kutoa fimbo akarudisha kwa kubahatisha. Pembe sahihi ya modeli yako iko kwenye kitabu cha gereji, tafuta cha mwaka wako maana walikuwa wanabadilisha, usichukue ya rafiki yako mwenye Beetle ya 1303.

Kuvuta fimbo nje itabidi ufungue bolti chache za mbele za madigadi ya nyuma ili upate nafasi. Ikitoka iangalie mwisho wake, kuna herufi L au R, zile fimbo zimepindwa kiwandani kwa upande mmoja kwa hiyo ya kushoto haiendi kulia hata kama inaingia. Na tafadhali usiikwaruze. Rangi iliyo juu yake si urembo, mkwaruzo mmoja unaingiza kutu, kutu inaanzisha ufa mdogo na chuma kinachojipinda kila siku kikishakuwa na ufa kitakatika tu, siku ambayo hujapanga. Ukiona rangi imebanduka safisha, paka rangi, ndo urudishe. Kwenye meno paka grisi kidogo.

Zile mpira mbili za pembeni mwa bamba, weka mpya, na usipake grisi wala oili maana zinakula mpira, paka poda, hii poda ya kawaida ya watoto. Mfuniko wake una bolti nne na mpira mpya utakuwa unausukuma nje, tafuta bolti mbili ndefu uzitumie kuuvuta mfuniko taratibu, ukishakaa unazibadilisha na za kwake moja moja.

Shokapu za kupandishia achana nazo. Shokapu kazi yake ni kutuliza mneso, pale inaposhikwa kwenye Beetle hapakutengenezwa kubeba uzito wa gari, ukiibebesha chuma kinachoishika kinapasuka na huko ndani fimbo zako bado zitakuwa zimekaa vibaya vilevile.

Na usiongeze zaidi ya hizo sentimita mbili, najua ukishaona imependeza utatamani. Gari yako ni ya swingi ekseli, yaani ekseli inainama pale kwenye gia boksi tu, kwa hiyo ukipandisha mgongo tairi za nyuma zinaingia ndani kwa chini. Kwenye kona kali ya kasi tairi ya nje inajikunja chini ya gari, inainua nyuma, na hapo Beetle imeshapindua watu. Ukisimama nyuma ya gari ikiwa haina mzigo ukaona tairi zimeingia ndani kwa chini waziwazi, umeshapitiliza, rudisha hatua moja. Tena nyuma ikipanda pua inashuka, kasta ya mbele, yaani ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi inageukia, inapungua, gari inaanza kutangatanga ukifika 80, utadhani tairodi zimekufa kumbe ni wewe umebinua gari.

SWALI: Mambo fundi, mimi niko Mombasa nina Beetle ya 1971 nataka kuishusha mbele ikae ile ya kistaarabu, chini kidogo. Gereji wameniambia watakata springi. Wakate?

JIBU: Wasikate dada yangu, hata wasiguse grainda.

Kwanza fungua boneti ya mbele uangalie tairi ya spea. Ikiwa imesimama, mbele una bomba mbili zilizolala kukatiza gari na ndani yake kuna mapande membamba ya chuma yamepangwa pamoja, nazo ni torsheni vilevile. Ikiwa imelala, basi una Beetle ya 1302 na hiyo mbele ina springi za koili na shokapu zake zimesimama pamoja, habari yake ni nyingine, unanunua springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili yake kazi imeisha.

Nachukulia yako ni ya bomba. Wakisema watakata springi wanamaanisha watatoa au kukata baadhi ya yale mapande ili gari ishuke, na kweli inashuka, ila inashuka kwa sababu imekuwa laini, sasa kila tuta inagonga mpira wa kizuizi na kila gonga linaenda kwenye bodi. Njia ya heshima ni kuweka ajasta, ni kipande kinachochomelewa katikati ya bomba pale mapande yanapobanwa, kina meno na bolti, unalegeza unazungusha unakaza, mapande yote yanabaki na ugumu unabaki uleule. Uchomeleaji wake upewe mtu anayejua kuchomelea kweli, mapande yametolewa ndani kabla ya moto, na bomba ipimwe isije ikapinda kwa joto. Njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi ni kununua vile vyuma vinavyoshika haba, yaani kitovu cha tairi, vilivyotengenezwa vikiwa na haba juu zaidi, gari inashuka na springi hazijaguswa kabisa, ila tairi zinatoka nje kidogo kwa hiyo pima nafasi kwenye madigadi kwanza.

Yako ya 1971 inatumia bolijointi (kiungo chenye kichwa cha duara ambacho tairi inageukia), si kingpini (pini iliyosimama) kama za zamani kabla ya modeli za 1966, na bolijointi hazipendi kushushwa sana, ukizidi kama sentimita 5 zinaanza kukwama kwenye mwisho wa mzunguko wake. Shusha tatu, ukae nayo mwezi. Baada ya kushusha weka vile vipande vyembamba vya kurekebisha kasta nyuma ya bomba la chini, halafu ndo uende alaimenti. Ukirudisha tairi ya kushoto kumbuka waya wa spidomita unapita katikati ya haba ya kushoto na kuna pini ndogo, mafundi wanaisahau kila siku, halafu mshale haupandi.

SWALI: Salaam. Nina Peugeot 504 sedan hapa Nakuru, ilikuwa ya mzee. Imelala upande wa kulia mbele. Nimebadilisha springi ya mbele kulia nikaweka nyingine ya mtumba, bado. Jamaa mmoja ameweka vile vipande vya mpira katikati ya springi ikasimama vizuri lakini sasa inagonga vibaya. Nifanye nini?

JIBU: Toa hivyo vipande vya mpira leo. Natamani kila mwenye gari ya koili Afrika Mashariki asikie hili. Springi ya koili inafanya kazi kwa kila mzunguko wake kujikunja kidogo, ukishindilia mpira kati ya mizunguko miwili hiyo miwili imekufa, haifanyi kazi, na mzigo wote umehamia kwa iliyobaki. Gari inasimama juu ndiyo, ila imekuwa ngumu upande mmoja, ndo kule kugonga, na springi itakatika palepale mpira unapoishia. Nimeshaziona zimekatika hapo, safi kabisa kama zimekatwa na msumeno.

Sasa tujue kwanza aliyelala ni nani. Gari ina kona nne na bodi ni ngumu, kwa hiyo springi ya nyuma kushoto ikiwa ndefu au ngumu kuliko mwenzake inaweza kulaza mbele kulia, na springi ya nyuma kulia ikichoka inavuta upande wote wa kulia. Watu wanabadilisha ya mbele mara mbili mara tatu kumbe mgonjwa yuko nyuma. Jaribio lake ni la bure. Chukua jeki ya magurudumu, weka kipande cha mbao juu yake, ipeleke chini ya krosi memba ya mbele, ule mhimili wa chuma unaokatiza gari, katikati kabisa, kati kwa kati, inua mpaka tairi za mbele ziachane na ardhi kidogo. Sasa mbele gari imekaa kwenye nukta moja, springi za mbele hazina usemi. Nenda nyuma upime kushoto na kulia. Nyuma ikiwa sawa basi mgonjwa yuko mbele. Nyuma ikiwa bado imelala basi springi za nyuma ndo zinalaza gari nzima. Fanya hivyo kabla hujanunua kitu.

Ikiwa ni mbele, tatizo lako naona lilianzia kwenye "nyingine ya mtumba". Springi moja ya mtumba kutoka kwenye gari usiyoijua, iliyobeba usiyoyajua, haiwezi kulingana na mwenzake. Springi zinanunuliwa mbili mbili kwa ekseli moja. Na 504 zilitoka za aina nyingi, sedan nyingi nyuma zina koili moja kila upande na kila tairi inajitegemea, steshenwagoni ina ekseli nzima na koili mbili kila upande, pikapu ina springi za bapa, kwa hiyo ukienda dukani ukasema tu "springi ya 504" utapewa yoyote. Nenda na ya kwako mkononi, linganisha unene wa waya na idadi ya mizunguko, urefu peke yake hautoshi, springi ndefu ya waya mwembamba ikibeba gari inakuwa fupi.

Kuna na wale wanaopasha springi moto na gesi ili ishuke au wanaivuta ipande. Usikubali. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, ukikiwasha na gesi umekigeuza chuma cha dirisha, wiki mbili imelala zaidi ya mwanzo.

Kutoa springi ya mbele kwenye 504 lazima uwe na kibana springi kizuri, viwili vinavyotazamana, umefunga springi imebanwa kabla hujalegeza nati ya juu ya shokapu. Waya wa kufungia mizigo si kibana springi. Ile springi ikikuponyoka usoni hamna hadithi tena.

Na jambo la mwisho, ambalo gereji nyingi hawalifanyi kwa sababu ya haraka. Bushi za mpira zimegandana na chuma ndani na nje, mpira wenyewe ndo unajipinda, hazizunguki. Kwa hiyo ukikaza bolti za mikono ya chini gari ikiwa hewani kwenye jeki, umezikaza zikiwa zimenyooka kwa tairi iliyoning'inia, ukishusha gari bushi zote zinabaki zimejipinda muda wote. Mbili zinatokea, gari inasimama juu kuliko inavyotakiwa kwa sababu bushi zinaisukuma, na bushi mpya zinapasuka kabla hata hujazisahau bei yake. Ziache bolti zimelegea kidogo, shusha gari chini, inesenese, isukume, halafu ingia chini ukaze ikiwa imesimama kwa miguu yake. Kama hakuna shimo la gereji panda na tairi zote nne kwenye mbao nene. Yaani hili peke yake limeshanyoosha gari ambazo watu walikuwa wameshaandaa hela ya springi.

Hiyo ni gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 ikiwa kupe, inastahili springi zake halali.

SWALI: Fundi, Land Rover Series III, Iringa, springi mpya zote nne, imelala kulia, upande wa dereva, wakati zamani haikulala. Duka limeniuzia feki?

JIBU: Si lazima. Springi za bapa za hizo Land Rover zina upande, ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kidogo kwa sababu kule kuna dereva na mara nyingi tangi la mafuta pia. Namba zake kwenye kitabu cha spea ni tofauti kwa kila upande. Mwulize fundi aliziweka kwa kufuata nini, kama alizichukua tu kwenye boksi zikaingia basi zibadilishane kushoto na kulia upime tena. Na uhakikishe kichwa cha sentabolti, ile bolti ya katikati inayoshika mabapa pamoja, kimekaa ndani ya tundu lake kwenye ekseli kabla ya kukaza U-bolti, kikipanda pembeni ekseli inakaa mshazari. Bolti za kwenye bushi kazia gari ikiwa chini, sababu nimeshaieleza kwa ndugu wa Nakuru hapo juu.

SWALI: Habari za nyumbani. Mimi ni Mtanzania naishi Brussels, nimejinyakulia Citroën DS 21 ya 1970, ndoto ya tangu utotoni. Nyuma inakaa juu kuliko mbele hata lever ya kupandisha na kushusha gari ikiwa kwenye nafasi ya kawaida. Wengine wananiambia nibadilishe yale matufe ya gesi. Ni kweli?

JIBU: Matufe siyo. Hongera sana kwanza, hiyo gari ilitoka 1955 mpaka 1975 na bado watu wanaishangaa.

DS haina springi ya chuma hata moja inayobeba gari. Kila tairi inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma naitrojeni iliyo ndani ya tufe, naitrojeni ndo springi. Tufe likiisha gesi gari inakuwa ngumu, kila kijiwe unakisikia, ila kimo chake hakibadiliki, maana kimo kinaamuliwa na kifaa kingine, kirekebisha kimo, kiko kimoja mbele na kimoja nyuma. Kimeunganishwa kwa ufito na ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Gari ikishuka fimbo inajizungusha, ufito unakivuta kirekebisha, mafuta yanaingia, gari inapanda, ikifika sawa kinajifunga. Ikipanda mno kinayaachia mafuta yarudi tangini.

Kwa hiyo nyuma ikiwa juu anza na kutu na uchafu. Zile fito ziko chini kabisa ya gari, kwa chumvi ya barabara za huko kipindi cha baridi zinakwama. Safisha, lainisha, zisogee kwa kidole. Halafu angalia ufito wa lever yako ya mkono, ikiwa kwenye nafasi ya kawaida inatakiwa iwe huru kabisa, isiguse kitu, kama inagusa basi ni yenyewe inayoinua nyuma na ukirekebisha kwingine utakuwa unaficha tatizo. Hapo vikiwa safi ndo unaenda kwenye klampu iliyobana fimbo, unailegeza kidogo unaizungusha kidogo sana, nywele tu, unakaza, unapima.

Na upimaji wake una utaratibu wake. Injini inawaka, lever kawaida, tairi zina upepo sahihi. Inua nyuma kwa mikono uiachie, subiri itulie, pima. Kisha ikandamize chini uiachie, subiri, pima. Namba hazitafanana, chukua ya katikati. Fanya mbele vilevile, ukigusa mbele rudi upime nyuma tena maana zinasikilizana.

Gari yako ya 1970 kwa Ulaya inatumia mafuta ya kijani, LHM. Za kabla ya mwishoni mwa 1966 zilitumia mekundu. Hayachanganywi, na mafuta ya breki ya kawaida usiyaweke hata tone, yanaharibu sili zote. Ukiona vifaa vyake vimepakwa rangi ya kijani uko salama.

Ukiingia chini, stendi za chuma chini ya chesisi kila mara, hata kama ni kuchungulia sekunde mbili na hata kama lever umeiweka juu kabisa. Bomba moja la mafuta likilegea ile gari inalala mpaka sakafuni na haitoi taarifa.